Daftari la Boriti
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo)

Wazee wangu, mashangazi na maami, ndugu zangu mliotoka Muscat na Dubai, nanyi wa hapa Uingereza pamoja na wanetu: naomba radhi mapema. Niliombwa niwahadithie safari yangu ya Lamu, nami nimekuja na ombi.

Nilifika Lamu mwaka 2018, baada ya miaka mingi ya kutoikanyaga ardhi ile. Nilizuru Ngome, iliyojengwa baina ya mwaka 1813 na 1821. Sisi tuliokulia pale tuliijua kuwa ni jela, na tukipita chini ya kuta zake tuliharakisha mwendo. Mwaka 1984 jela ilifungwa, ikawa makumbusho. Nyumba ya posta ya Wajerumani, walioifungua mwaka 1888 na kuifunga 1891, niliipita upesi. Lakini katika nyumba ya kale ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho nilikaa hadi adhana ya alasiri. Niliinua macho nikaitazama dari. Boriti za mikoko zimelala ukuta hadi ukuta, na hapo nikakumbuka alivyokuwa akisema babu, kwamba upana wa chumba haupimwi na fundi, hupimwa na mti. Boriti haivuki sana dhiraa sita, ndiyo sababu misana ya Lamu ni mirefu na myembamba. Na vyumba vya kale vya Ghuba vilivyoezekwa kwa boriti zetu vina umbo hilo hilo.

Nilimweleza hayo kijana wa makumbusho aliyekuwa akinitembeza. Akaniuliza, "Je, Mzee, mna maandishi yoyote?"

Nilinyamaza, kwa kuwa ninayo.

Wengi wenu mnajua kwamba babu aliandika kila shehena: korija ngapi za boriti, ngapi za mazio na fito, kila korija miti ishirini, na ni chombo cha nahodha gani. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Madaftari yalikuwa mawili: moja la kupakia, vyombo vikingoja kusi, na moja la kuuza, lililokaa ng'ambo kwa ami yetu mkubwa. Biashara ile ilikoma pale serikali ya Kenya ilipokataza kupeleka boriti nje, mwaka 1982.

Daftari la kupakia nililichukua mimi nilipoondoka Lamu. Sikumwomba mtu ruhusa. Shangazi alilitafuta mpaka alipofariki, nami nilimwandikia barua kila Idi bila kulitaja.

Sasa limekaa kabatini kwangu, juu ya bomba la joto, na pembe za kurasa zimeanza kukatika kama kaki. Wanangu hawaisomi hati ile. Kijana yule alinieleza kwamba kitu kikipokewa huandikwa kimetoka kwa nani, kilitumika wapi na kwa kazi gani. Kisicho na habari zake hubaki kitu tu. Akaongeza kuwa daftari moja peke yake litaonyesha miti ikiondoka, bali halitaonyesha ilikofika.

La pili liko Muscat. Najua pia kwa nini halijatolewa: lina madeni ndani yake, na baadhi ni ya wazazi wa watu waliokaa katika ukumbi huu. Sidharau aibu hiyo. Lakini kurasa hizo twaweza kuzisoma wenyewe kwanza, wazee watatu au wanne, mlango ukiwa umefungwa, kisha tukaamua yatolewe yote mawili au yasitolewe. Siombi jibu leo. Naomba lije kabla ya kaskazi, kwani wakati huo, inshallah, nitasafiri tena.

Langu nimelileta. Liko mezani kule nyuma, ndani ya kitambaa cheupe. Lifungueni mlitazame, ila tafadhali vikombe vya chai viwekwe mbali.