Tuchague fundi kwa kazi yake, sio kwa undugu

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Komite imetuomba, sisi wafanyakazi wa uwanjani tunaosindikiza ushirika huu, tuseme neno juu ya ile Land Cruiser yenu. Wengi mnataka ifungwe turbo ili ipate nguvu. Sababu tunaielewa. Ikitoka Baraka kupanda Fizi na magunia ya mihogo, inapanda ikilia. Ikifika milima ya Ngomo, njia ya Bukavu, shofere anarudi gia ya kwanza na magari mengine yanampita. Tena gari hii haibebi mihogo peke yake. Mama akishikwa na uchungu usiku kijijini, ni hii inamfikisha hospitali. Ikilala garaji miezi mitatu, kuna watu wataumia. Ndiyo maana swali la fundi sio swali dogo.

Tuanze na mota yenyewe. Ni 1HZ, silinda 6, lita 4.2, inakunywa mazutu. Toyota waliitengeneza ivute hewa yenyewe, bila turbo. Ziwa letu liko mita zaidi ya 770 juu ya bahari, Bukavu iko karibu mita 1500, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi. Mota inakosa pumzi, sawa na mtu. Turbo inaisukumia hewa nyingi, basi inaweza kuunguza mazutu mengi zaidi, na nguvu inaongezeka. Hiyo ni kweli. Lakini joto nalo linaongezeka. Mota hii inabana hewa sana tangu ilipotengenezwa, kwa sababu ilipangwa kufanya kazi bila turbo. Ukiiongezea msukumo bila kipimo, pistoni zinapasuka au kulasi inapata nyufa. Hapo utakuwa unatafuta pesa za mota nzima.

Basi, jambo la kwanza: fundi wa kweli anaanza kwa kupima. Mwulizeni, "Kwa nini gari haina nguvu?" Akijibu "turbo" kabla hajafungua kapo, mshukuruni na mwende kwa mwingine. Labda filta ya hewa imejaa vumbi la barabara. Labda injekta zinakojoa mazutu badala ya kuyanyunyiza. Labda ambreyaji inateleza, mota inazunguka bule na magurudumu hayapati nguvu yote. Hayo yote yanarekebishwa kwa pesa chache kuliko turbo. Kisha apime kompresio ya silinda zote 6, moja moja, na aandike namba kwenye karatasi. Kama silinda moja imechoka, kufunga turbo ni kumbebesha mgonjwa gunia.

Jambo la pili: aonyeshe gari aliyokwisha kuifanyia kazi kama hii, sio ya juzi. Gari iliyotoka garaji jana inaenda vizuri daima. Tafuteni ile iliyokwisha kupita misimu miwili ya mvua, muongee na mwenyewe fundi akiwa hayuko. Mwulizeni inakunywa maji kiasi gani, moshi wake ni wa rangi gani, na je, fundi alikuja alipoitwa kwa sababu ya tatizo?

Jambo la tatu ni maswali ambayo hata mtu asiyejua mota anaweza kuuliza. Utaweka msukumo kiasi gani? Pompa ya mazutu utairekebisha namna gani? Shofere atajuaje kwamba joto limepita kiasi? Fundi mzuri atasema ataweka msukumo mdogo, atarekebisha pompa pole pole huku akiangalia moshi, na atafunga saa ya kupima joto la moshi mbele ya shofere. Yule atakayesema "hakuna shida, niachieni mimi", huyo mwogopeni. Kazi hii ina shida zake, na anayezijua ndiye anaweza kuzitaja.

Sasa tuje kwenye bei. Ombeni devi, yaani karatasi ya bei, kwa mafundi watatu. Kwenye karatasi, piesi zikae peke yake, kazi ya mikono peke yake. Zikichanganywa huwezi kujua unalipia nini. Bei moja ikianguka chini sana kuliko nyingine mbili, ulizeni piesi zinatoka wapi, maana zinaweza kuwa zimetolewa kwenye gari iliyokufa. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Msitoe pesa zote mbele. Mwenzetu mmoja alitoa dola 700 za avansi kwa garaji moja. Zile pesa zilimalizia gari ya mteja mwingine, na yake ikakaa juu ya mawe mpaka mafuta ya kwenye mota yakageuka matope. Tunashauri hivi: piesi, wanakomite wawili waende kuzinunua pamoja na fundi, na fakitire ibaki kwetu. Piesi za zamani zirudi kwetu ndani ya gunia, hata kama zimekwisha. Pesa ya mikono tuigawe mara tatu: sehemu moja akianza, ya pili mota ikiwaka, ya tatu baada ya wiki mbili, gari ikiwa imepanda Fizi na mzigo wake bila kuchemsha.

Lakini tusimkandamize fundi pia. Yeye naye ana watoto. Ukimshusha bei mpaka haimtoshi, atatafuta faida yake mahali usipopaona, kwenye injekta zako. Bei ya haki ni ile ambayo wote wawili mnaweza kuisema mbele ya watu.

Ninyi wafadhili, tunawaomba jambo moja. Mafundi wengi wa hapa hawana fakitire za kuchapwa. Karatasi ya mkono yenye jina, saini, tarehe na picha ya piesi, ipokeeni. Na mkiona bei ya piesi iko juu kuliko huko kwenu, kumbukeni kwamba kitu kinachotoka Bukavu au Bujumbura kinalipia njia na vizuizi vyote.

Linabaki lile tulilolisikia tangu asubuhi: "Tumpe ndugu yetu, tulivuka naye kutoka Kigoma." Tunaheshimu sana neno hilo. Kati yetu kuna vijana waliojifunza umakanika Lugufu na Nyarugusu, mikono yao ni mizuri, na hapa watu hawawapi kazi kwa sababu hawazijui karatasi zao. Hao waitwe. Lakini wapitie mlango ule ule: wapime, waonyeshe kazi, watoe devi. Ndugu akishinda hivyo, hakuna atakayesema alipewa kwa upendeleo, na jina lake litatoka Baraka lifike Uvira. Tukimpa bule na mota ikapasuka, tutampoteza ndugu na gari pamoja.

Ndiyo maana tunaiomba komite isipige kura leo juu ya turbo. Ipige kura juu ya kupima kwanza. Pesa ya kupima kompresio na kusafisha injekta iko ndani ya kasha. Namba za silinda zisomwe mbele yenu wote kwenye mkutano ujao. Huenda gari haihitaji turbo, na pesa itakayobaki inunue matairi kabla ya mvua. Ikiihitaji, tutakuwa tunajua fundi gani, kwa bei gani, na kwa nini.

Sasa ulizeni maswali.