Aendaye Ugenini Aende na Jembe Lake



Kwa miaka mingi neno mtaalamu lilimaanisha mtu ajaye kutoka ng'ambo. Kati ya mwaka 1970 na 1975 maelfu ya Wachina walishiriki kujenga reli ya Tanzania na Zambia, na shule nyingi za sekondari zilitegemea walimu wa kigeni. Leo njia hiyo ina wasafiri wa kwenda pia. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kuwa Kiswahili kingekuwa somo la hiari katika shule zake. Agosti 2019 nchi za SADC, zilipokutana Dar es Salaam, zilikifanya lugha yao rasmi ya nne. Mlango unafunguka, swali ni kama mwalimu yu tayari kuingia.

Maandalizi ya kwanza ni ya kichwani. Kuzaliwa na lugha si kuweza kuifundisha. Mwanafunzi wa Pretoria atauliza kwa nini husemwa "kitabu changu" lakini "kiongozi wangu". Mwalimu akijibu kwamba ndivyo wenyewe wanavyosema, amefika mwisho wa ujuzi wake siku ya kwanza. Hana budi kujifunza kwanza namna ya kumfundisha mgeni, na BAKITA, lililoanzishwa mwaka 1967, ni mahali pa kuanzia.

Maandalizi ya pili ni ya karatasi. Nchini Afrika Kusini vyeti vya nje hupimwa na mamlaka ya sifa za elimu, SAQA, na mwalimu husajiliwa na baraza la walimu, SACE. Hayo huchukua muda. Mkataba nao usomwe kabla ya kupanda ndege, si baada ya kushuka: mshahara ni wa fedha gani, matibabu ni juu ya nani, nauli ya kurudi italipwa na nani kazi ikikatika. Wakala asiyetaka kuonyesha mkataba wala leseni yake aulizwe habari zake kwa TaESA kabla ya kupewa hata senti moja.

Maandalizi ya tatu, yanayosahauliwa mno, ni ya nyumbani. Mtumishi aondokaye kimyakimya huhesabiwa mtoro, akahatarisha kazi aliyoitumikia miaka mingi. Aombe kibali kwa maandishi, aulize hatima ya michango yake ya pensheni, na akubaliane na mwenzi wake juu ya ada za watoto na matunzo ya wazee. Fedha itumwayo bila mapatano huzaa ugomvi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu aendaye kufundisha hana hizo siku mbili. Atakabidhiwa darasa asubuhi ya kwanza, na kwa kazi yake wenyeji watapima nchi alikotoka. Basi jembe lake alinoe angali nyumbani.