Maji ya Mlimani na Chupa ya Mtoto

Vuta kiti karibu na redio, na kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha huku ukisikiliza, kwa maana maneno ya leo yanakuhusu.

Siku moja katika kliniki ya watoto, mama mmoja alinieleza jinsi anavyomtengenezea maziwa ya kopo mtoto wake wa miezi miwili. Aliniambia, "Sista, mimi nachemsha maji mpaka yabaki nusu sufuria. Na tena maji yetu yanatoka mlimani, ni safi kabisa." Nilimsifu kwa kuchemsha. Lakini hiyo nusu sufuria ilinitia wasiwasi, nikamwomba akae kidogo tuzungumze.

Maji yanayopendeza machoni yanaweza kubeba vitu vya aina mbili. Kuna vijidudu vinavyoleta kuhara na homa ya matumbo. Hivyo hufa maji yakichemka. Halafu kuna vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji kama chumvi inavyoyeyuka kwenye mchuzi. Kimojawapo kinaitwa nitrati. Hakina rangi wala harufu, na huwezi kukitambua kwa kuonja. Moto haukiui, kwa sababu hakina uhai. Maji yanapanda juu kama mvuke, nitrati inabaki chini. Kwa hiyo ukichemsha lita mbili mpaka ibaki moja, nitrati yote ya zile lita mbili sasa iko ndani ya lita moja.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria mbolea ya dukani. Ni kweli, mbolea ina sehemu yake, na samadi na vyoo vya shimo pia. Lakini hata mlima ambao haujawahi kutiwa mbolea unaweza kutoa nitrati nyingi. Jambo hili lilionyeshwa wazi huko Marekani, katika bonde la milima la Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire. Kuanzia mwaka 1963, watafiti wa Chuo cha Dartmouth, akina Herbert Bormann na Gene Likens, pamoja na watu wa idara ya misitu, walianza kupima maji ya vijito vya bonde hilo. Mimi kama muuguzi naielewa kazi yao hivi: sisi tunapima mkojo wa mama mjamzito tujue mwilini kuna nini, nao walipima kijito wajue mlima una hali gani.

Mwishoni mwa mwaka 1965 miti yote ya kibonde kimoja ilikatwa. Haikubebwa, iliachwa papo hapo chini. Kisha kwa miaka mitatu wakanyunyiza dawa ya kuua magugu ili kitu chochote kisiote. Mwaka wa kwanza maji ya kijito yaliongezeka kwa karibu asilimia 40, kwa kuwa hapakuwa na miti ya kuyanywa. Nitrati nayo ilipanda mara 41, na mwaka uliofuata mara 56. Kijito cha mlimani, ambacho hakikuwa na shamba wala boma juu yake, kikapita kiwango kinachokubaliwa Marekani kwa maji ya kunywa.

Ilitoka wapi? Ilitoka kwenye udongo wenyewe. Majani yanapooza, vijidudu vya udongoni huyageuza taratibu kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mimea. Msitu ukiwapo, mizizi inaidaka kabla haijafika mtoni. Mizizi ikifa, mvua inaichukua. Walipoacha kupulizia dawa na vichaka vikaanza kumea, nitrati ilishuka tena katika miaka michache.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu Kenya, katika Mau ya Kusini Magharibi, ambako mito inateremka kuelekea Sondu na Ziwa Victoria, watafiti wa vyuo vikuu wamepima vijito vya aina tatu. Vinavyotoka ndani ya msitu wa asili vilikuwa na nitrati kidogo kabisa. Vya mashamba madogo kama yetu vilizidi hivyo, na vya mashamba makubwa ya chai vilizidi vyote. Msiogope bure: viwango walivyotangaza mwaka 2017 vilikuwa bado chini ya kile cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 50 kwa lita. Kwa upande wa matope, mito ya mashamba madogo ndiyo iliyokuwa michafu zaidi. Hapo hatuwezi kumlaumu jirani.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko mto ni kisima kifupi cha nyumbani, kilichochimbwa karibu na choo au chini ya zizi la ng'ombe. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, aliandika habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya namna hiyo. Tumboni mwa mtoto mchanga nitrati hubadilika na kuingia kwenye damu, na damu ikashindwa kubeba hewa safi. Mtu mzima anaweza kunywa maji yale yale asipate shida. Mtoto wa chini ya miezi sita hana nguvu hiyo, na akiwa anahara ni hatari zaidi.

Kwa watoto wetu weusi usitazame ngozi ya uso peke yake. Funua mdomo, tazama ulimi na fizi, kisha kucha, viganja na nyayo. Ukiona rangi ya samawati au kijivujivu, au mtoto anahema kwa shida, au amelegea, mpeleke hospitali saa ile ile. Huenda ni nitrati, huenda ni nimonia au moyo. Hata mimi siwezi kujua kwa macho, na yote ni ya haraka.

Yule mama tulikubaliana hivi. Kwanza tulijaribu kurudisha maziwa yake mwenyewe, kwa maana mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya maziwa ya mama pekee hahitaji maji hata tone, na maziwa hayo hayabebi nitrati nyingi hata kama mama anakunywa ya kisimani. Kama unafikiria kopo kwa sababu yoyote, ikiwemo virusi vya Ukimwi, zungumza na muuguzi kwanza. Wakati akisubiri maziwa yarudi, alitumia maji ya mvua ya bati, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Sisi wa milimani tuyaache maji yachemke kwa nguvu dakika tatu, kisha tuepue na kufunika. Nusu sufuria hapana.

Jambo la mwisho ni la wale wenye shamba linalofika mtoni. Acha miti na nyasi za ukingoni, au panda nepia pale. Usitie mbolea mawingu ya mvua kubwa yakiwa yamekusanyika. Unapochimba choo, kiwe chini ya kisima na angalau mita 30 mbali nacho. Anayetaka kisima chake kipimwe, amwone afisa wa afya ya umma, na aende na mtungi safi, siyo ule wa mafuta ya taa.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya chanjo ya surua.