Tahadhari Iliyokosa pa Kushika: Kujiandaa kwa Mlipuko wa Ugonjwa katika Masisi na Walikale

Kichwa nilichopewa kinataka niseme juu ya mizani kati ya kujiandaa na kutaharuki pindi ugonjwa unapolipuka. Naomba nianze kwa kuikataa mizani yenyewe. Ukiiweka tahadhari upande mmoja na taharuki upande wa pili, umeshakubali kwamba ni kitu kile kile kinachozidi na kupungua, kama chumvi mchuzini: kiasi hukoleza, ikizidi huharibu. Wakubwa wengi hufikiri hivyo, ndiyo sababu habari ya ugonjwa ikifika mezani kwao huipunguza makali kwanza, ati watu wasije wakataharuki. Hoja yangu ni nyingine. Taharuki ni tahadhari iliyokosa pa kushika, wala si tahadhari iliyozidi. Aliyeambiwa kuna hatari, akapewa na la kufanya, ataogopa na atalifanya. Aliyeambiwa kuna hatari basi, atakimbia, na katika Masisi na Walikale, hapa Kivu Kaskazini, anakokimbilia mtu ndiko ugonjwa unakokwenda naye.

Mwezi wa nane 2019, Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikazunguka Beni, Katwa na Butembo, ilimfikia mgonjwa katika zoni ya afya ya Pinga, huku Walikale. Kila sababu ya kuhamaki ilikuwapo: barabara mbovu, misitu, vikundi vya silaha, na chanjo inayotaka baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi. Hata hivyo Pinga haikugeuka Beni ya pili. Funzo la namna hiyo lilitangulia miezi miwili kabla, ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda: familia iliyotoka Kongo ilivuka na mtoto wa miaka mitano akiwa mgonjwa, ikampeleka hospitali ya Kagando, wilaya ya Kasese. Wahudumu wa pale walimshuku mara moja, akahamishiwa Bwera. Uganda ilikuwa imekwisha kuchanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 kabla mgonjwa hata mmoja hajaingia. Wagonjwa walikuwa watatu, wa familia ile ile, na maambukizi hayakuendelea ndani ya Uganda. Najua nitaambiwa kwamba Uganda ina serikali inayofika mpaka kijijini na lami inayofika Bwera, nasi hatuna. Kweli. Lakini kilichomtambua yule mtoto hakikuwa lami. Kilikuwa ni muuguzi aliyejua dalili, aliyejua wa kumpigia simu, na ambaye hakuwa na sababu ya kumkimbia mgonjwa wake kwa kuwa mwenyewe ameshachanjwa. Hayo matatu yanaweza kuwekwa Nyabiondo au Kibua bila kungoja barabara.

Pingamizi kubwa kuliko hilo linatoka Beni na Butembo, na halifai kurukwa. Kule fedha zilikuja, magari yakaja, chanjo ikaja, watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa. Mbona vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa Februari 2019? Mbona Dkt. Richard Mouzoko, aliyekuwa akipambana na Ebola, akauawa Butembo mwezi wa nne mwaka ule? Wengine wanajibu haraka: ujinga wa wananchi. Utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961 ulikuta kwamba karibu robo yao hawakuamini Ebola ipo, na kwamba chini ya theluthi moja ndio waliowaamini viongozi wa mahali. Tusome takwimu hizo mbili pamoja, maana ya pili ndiyo inayoifafanua ya kwanza. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wanauawa usiku kwa mapanga bila kuona msafara wa magari ukija kwa ajili yao. Ghafla magari yakajaa mjini kwa ajili ya ugonjwa ambao hawakuuomba. Kisha, Desemba 2018, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola pamoja na usalama, ilhali masoko na makanisa yamefunguliwa. Siku iliyofuata waandamanaji walishambulia kituo cha Ebola mjini Beni. Mtu aliyeona hayo akasema ugonjwa huu ni siasa hajakosa akili. Amepiga hesabu kwa tarakimu alizopewa. Hapo maandalizi hayakuzidi. Yalikuwa ya wengine, yakitekelezwa mbele ya macho ya wenyeji.

Hofu nayo ina upendeleo. Mwaka ule ule wa 2019 surua ilipita nchini Kongo: hadi Januari 2020 washukiwa walizidi 310,000 na waliokufa walizidi 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ebola, kwa karibu miaka miwili hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Wapo wanaolinganisha hesabu hizi ili kuonyesha kwamba Ebola ilikuzwa. Ulinganisho huo si wa haki kamili: surua ilienea nchi nzima, Ebola ilibanwa mashariki, na ilibanwa kwa sababu kazi kubwa ilifanyika. Bila kazi ile, ugonjwa unaoua theluthi mbili ya wanaoupata ungetapakaa Goma na kuendelea. Ila jambo moja halikwepeki. Surua ina chanjo ya miaka mingi, ya bei ndogo, inayohifadhiwa katika friji ya kawaida, na bado watoto walikufa. Haikumtaharukisha mtu. Kwa hiyo anayepima maandalizi kwa ukubwa wa hofu atajiandaa sana kwa ugonjwa unaotisha wageni, na hatajiandaa kwa ule unaojaza wodi ya watoto ya Masisi kila mwaka. Afadhali tuanze na wa kila mwaka. Muuguzi anayepeleka taarifa ya surua kila Jumatatu ndiye atakayepeleka ya Ebola. Kituo kisicho na maji ya kunawa kwa kipindupindu hakitayapata siku ya homa ya nyani (mpox).

Nikitaja chumvi tena si kwa ajili ya mchuzi. Agosti 2014, baada ya Ebola kufika Nigeria, ulienea uvumi kwamba kunywa na kuoga maji ya chumvi nyingi ni kinga. Watu walikufa kwa chumvi. Lakini nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari katika lita moja ya maji safi ndivyo vinavyomshika mgonjwa wa kuhara hadi afike kituoni, na kipindupindu kikitibiwa mapema huua chini ya mmoja katika mia. Chumvi ni ile ile, mkono ni ule ule wa mama anayetaka kuokoa watoto wake. Tofauti ni nani alimfikia kwanza, mvumi au mhamasishaji wa kijiji, na kama alimpa kipimo.

Neno lingine linahitaji uangalifu hapa kwetu: barieri. Wakati wa Ebola vizuizi vya kupima joto na kunawisha mikono viliwekwa njiani, na wasafiri walipimwa mara zaidi ya milioni 100. Vilifaa kwa kiasi chake. Lakini kwenye njia ya Sake kwenda Masisi, au ya kutoka machimboni Rubaya na Bisie, barieri ni mahali pa kulipa mtu mwenye bunduki. Ukiweka ndoo ya klorini kando ya bunduki, mchimbaji mwenye homa atapita porini, nawe utahesabu wazima tu. Kizuizi kikae sokoni, kisimamiwe na mama wa soko na chama cha waendesha pikipiki, pasiwe na malipo wala silaha.

Linabaki pingamizi la vita, na ni zito kuliko yote. Masisi-Centre ilitekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi ule, na Walikale-Centre ikaingiwa Machi. Wagonjwa wa homa ya nyani waliokuwa wametengwa Mugunga, karibu na Goma, walitawanyika, kambi za waliohamishwa na vita zikabomoka, mpango wote uliotegemea ghala na uwanja wa ndege wa Goma ukakatika. Unajiandaaje na mlipuko mahali ambapo kesho hapana uhakika? Nakiri kwamba hakuna mpango utakaostahimili kila shambulio. Lakini tukio lile linatuambia aina ya maandalizi ya kuacha: hema moja kubwa, bohari moja, ofisi moja mjini. Vitu vigawanywe kabla. Kila kituo cha afya kiwe na akiba yake ya glavu, klorini na maji ya mishipa ya wiki kadhaa. Kila mgonjwa anayetengwa aelezwe siku ya kwanza, si siku ya mabomu, afanye nini akilazimika kuondoka: afunike vidonda, asilale kitanda kimoja na watoto, ajitambulishe kituo cha kwanza atakachokikuta. Wapo watakaosema kumwambia mgonjwa jinsi ya kukimbia ni kumruhusu akimbie. Ataondoka tu, risasi zikilia. Swali ni kama ataondoka na kipimo chake mkononi. Na ile akiba ya kituo aandikiwe muuguzi mkuu wa kituo kwa jina lake, kwa sababu bendera juu ya ofisi ya teritori imebadilika zaidi ya mara moja, na mara nyingi muuguzi ni yule yule.