Mafunzo ya Waongozi wa Vijana Baharini

(Hotuba ya karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya shauri lililo mbele yenu, la kununua mashua ili vijana wetu wapate kutembea katika hori ya Tudor siku za likizo ya shule. Shauri ni jema, na fedha za kulianza zimekwisha changwa. Lakini naomba ruhusa kusema kwamba kitu cha kwanza ni watu wazima watakaokaa katika mashua hiyo pamoja na watoto, nao bado hatujawafunza.

Jibu nimekwisha lisikia barazani: sisi ni watu wa pwani, nani atatufundisha bahari? Neno hili ni kweli nusu. Mvuvi wa Mombasa anajua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba saa ya maji kujaa husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku, na kwamba siku za bamvua mkondo katika mlango wa hori humshinda mpiga kasia. Elimu hiyo wanayo wazee walioketi hapa mbele yangu. Lakini mvuvi hujiongoza yeye na mabaharia wake. Kuongoza watoto 12 wa watu, nusu yao hawajui kuogelea, na mmoja hulia aonapo wimbi, ni kazi nyingine.

Tarehe 4 Agosti 1912, maskauti wa London walikuwa safarini na kiongozi wao katika mashua ya tanga. Karibu na Leysdown, kisiwani Sheppey, dharuba ya ghafula iliipindua, wakafa vijana 9. Tena tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 8 na mwalimu wao waliondoka Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, kwa mitumbwi midogo, wakiongozwa na watu wawili wenye mafunzo haba. Mtumbwi wa mwalimu ulipinduka tena na tena. Mwongozi mmoja akabaki naye. Wa pili akawakusanya wanafunzi, na upepo wa kutoka nchi kavu ukawachukua hata bahari kuu. Hawakuwa na fataki za kuitia msaada, na pwani habari ilichelewa kutolewa. Wanafunzi 4 walikufa. Mwaka 1995 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwataka wenye vituo vya michezo ya namna hiyo wawe na leseni.

Hapa kwetu maji si ya baridi kama kule, lakini umande utokao barani alfajiri hufanya kazi ile ile. Asimamaye ufukweni huona maji yametulia, kwa kuwa nchi inamkinga. Mawimbi yako mbele, mahali ambapo mtoto aliyechoka hawezi kurudi.

Baden-Powell, aliyefariki na kuzikwa Nyeri mwaka 1941, aliwapeleka wavulana kambini Brownsea mwaka 1907. Mahali pa kuwafunza waongozi, huko Gilwell, palifunguliwa mwaka 1919. Maafa ya Leysdown yalitokea katikati ya miaka hiyo miwili. Sisi twaweza kuanza na Gilwell yetu.

Wapindue chombo kwa makusudi, maji yakiwa kifuani, mpaka kila mmoja azoee kushikamana nacho badala ya kuogelea kuelekea pwani. Demani isifungwe kamwe. Ishikwe mkononi, ipate kulegezwa dharuba inapokuja. Jaketi za kuokolea zivaliwe kabla ya kupanda, na mwongozi avae wa kwanza, kwani jaketi lililo chini ya kiti ni mzigo tu. Majina ya watoto na saa ya kurudi viandikwe, na karatasi aachiwe mtu wa pwani mwenye kazi hiyo moja: saa ikipita, aite msaada bila kungoja. Aliyezama asining'inizwe kichwa chini wala asibanwe tumbo, kama tuonavyo mara nyingi. Apuliziwe pumzi kinywani na kubanwa kifua, mpaka apate nafuu au msaada ufike.

Lililo gumu kuliko yote halimo majini. Ni kuwaambia watoto waliokwisha fika na vyakula vyao mikononi, "Leo hatuendi." Mtu hufunzwa hilo pia. Naomba wazee wawili wasimame ufukweni kila Jumamosi ya mafunzo, wamwulize mwongozi sababu za kwenda na za kutokwenda, mpaka aweze kujibu. Na siku atakapokataa, asiwepo mtu wa kamati, hata Bwana Mwenyekiti, niwie radhi, wa kulitangua neno lake.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba sehemu ya fedha za mashua itumike kwanza kununua jaketi na kuendesha mafunzo ya Jumamosi 8, na mashua ingoje hadi kusi itulie. Karatasi ya kuandikia majina iko juu ya meza karibu na mlango. Twataka watu 6, wanaume na wanawake. Asiyejua kuogelea naye ajiandike, maana kuogelea kutafundishwa tangu Jumamosi ya kwanza.