Jibu Kabla ya Jaribio

Msikilizaji, katika vyuo vikuu vingi mwanafunzi huingia maabara na karatasi ya hatua mkononi: pima, changanya, andika. Jibu analijua kabla hajavaa koti jeupe. Je, anajifunza nini?

Nchini Marekani, Natasha Holmes na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001, walilichunguza swali hilo katika kozi tisa za fizikia. Mwaka 2018 waliandika kwamba maabara zilizobuniwa kukazia masomo ya darasani hazikuwaongezea wanafunzi alama zinazopimika kwenye mtihani. Wakahimiza njia nyingine: mwanafunzi apange jaribio mwenyewe, atilie shaka vipimo vyake, arudie. Nawaunga mkono kabisa.

Ipo pia maabara ya kompyuta. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa waliojifunza saketi za umeme kwa programu walizielewa zaidi kuliko waliotumia vifaa halisi, na hata saketi halisi waliziunganisha vizuri zaidi. Kwenye kompyuta elektroni huonekana zikitembea. Kwenye waya hazionekani.

Lakini kwenye afya tuwe waangalifu. Anayesomea maabara ya tiba lazima atie rangi ya Giemsa kwenye tone la damu kwa mkono wake, akaze macho kwenye hadubini, atofautishe kimelea cha malaria na chembe ya rangi iliyoganda. Mgonjwa anasubiri jibu hilo nje. Chuo kinachotaka programu kinunue, ila saa za hadubini zisipunguzwe hata moja.