MZIGO WA MWANZO WA KAZI

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya halmashauri ya chama mbele ya wanachama wapya)



Halmashauri imetutuma tuseme nanyi juu ya jambo lisiloandikwa katika kadi ya saa wala katika karatasi ya mshahara, nalo huwafukuza vijana kazini kama nyapara mkali. Siku hizi laitwa msongo wa mawazo. Sisi wa zamani twaliita mzigo wa moyo.

Tutaanza na kosa letu wenyewe. Katika kiwanda kimoja cha nguo tulichofanya kazi aliletwa binti aliyekuwa ametoka tu chuo cha ufundi. Akawekwa kwenye cherehani ya kushona kola, akapewa tageti ile ile ya saa moja tuliyopewa sisi tulioshika cherehani miaka kumi. Wiki ya pili aliacha kunywa maji asubuhi, ili asiombe ruhusa ya kwenda choo. Wiki ya tatu akaacha chakula cha mchana. Usiku halali, maana nyumbani walikuwa wakingojea mshahara wake wa kwanza, na mkopo wa simu aliochukua kulipia chumba ulikuwa umefika siku yake. Sisi tulimwona akifuta machozi. Je, tulimwambia nini? Tulicheka. Tukasema, "Zoea, dada, hata sisi tulipita hapo hapo." Ijumaa moja aliacha mkasi wake juu ya meza, asirudi tena.

Baadaye mwakilishi wa chama aliomba kuona daftari la kazi. Ndipo tulipotambua kwamba mwaka huo huo wageni watano walikuwa wamekwisha iacha cherehani ile ile kabla yake. Cherehani moja, watu sita! Je, wote sita walikuwa wavivu? Hata kidogo. Kosa lilikuwa katika tageti, wala si katika watu. Tukaenda kwa meneja na daftari hilo mkononi, tukapatana kwamba kila mgeni aanze na nusu ya tageti, aongezewe wiki kwa wiki, na mzoefu mmoja akae karibu naye. Yule wa saba alikaa. Lakini yule binti hakuupata msaada huo, kwa sababu sisi tulikuwa tumenyamaza.

Kwa hivyo, ndugu vijana, jifunzeni kutenganisha mizigo miwili.

Mzigo wa kwanza ni wa ugeni. Mikono bado mizito, hujui desturi za mahali, waona haya kuuliza. Huo hupungua kila siku. Vumilia, tena uliza bila haya.

Mzigo wa pili hutoka katika mpango wa kazi yenyewe: tageti isiyowezekana, matusi ya msimamizi, saa zisizo na mwisho, kukaa bila barua ya kazi. Huo hauishi kwa uvumilivu. Ukinyamaza, huongezwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kule kuchakaa moyo kwa ajili ya kazi, likasema si ugonjwa bali ni jambo litokalo katika kazi yenye dhiki isiyotengenezwa vizuri. Likataja dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi na kujitenga nayo, na kujiona huwezi kufanya lolote la maana. Ukiziona dalili hizi, usijiite mnyonge. Tazama kwanza kazi yenyewe.

Tena jueni haki zenu, kwa maana hofu nyingi ya kijana hutokana na kutojua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio usipite miezi 6, na hauwezi kuongezwa ila wewe mwenyewe ukikubali, wala nyongeza hiyo isipite miezi 6 mingine. Katika kila siku 7 una siku moja ya kupumzika. Ukitimiza miezi 12 una likizo isiyopungua siku 21 za kazi, pamoja na mshahara kamili. Baada ya miezi 2 mfululizo kazini, ukiugua na kuleta cheti cha daktari, una siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara. Na kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi si sababu ya halali ya kufukuzwa. Asiwatishe mtu.

Sasa twageuka kwenu, wazee wenzetu. Kuteseka kwetu zamani si sheria ya kwamba wengine nao wateseke. Mgeni akija, mwonyeshe choo kilipo, mwonyeshe mwakilishi ni nani, kula naye mchana wa kwanza. Akinyamaza ghafla, muulize. Akisema hawezi kulala au amechoka kuishi, usimcheke wala usimhubirie. Fuatana naye hospitali siku hiyo hiyo.

Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, kila mmoja alikuwa amelala na njaa yake chumbani mwake siku nyingi. Njaa ya mmoja ilikuwa aibu yake. Walipoisema pamoja ikawa dai, na serikali ikalazimika kusikiliza.

Ndivyo ulivyo mzigo wa moyo. Jumatatu, kijana, kabla ya kuacha mkasi wako mezani, njoo kwa mwakilishi ueleze. Nasi wa zamani, akija, tusicheke tena.

Umoja ni nguvu.